Kazi za Kuhama na Kazi za Kubaki

Mjukuu wangu aliporudi kazini na boksi la biskuti lililofungwa utepe, sikuuliza zina ladha gani. Niliuliza zimetoka kwa nani.

"Kwa Bwana Manukato," akasema, akivua viatu mlangoni.

"Na anataka nini?"

"Hataki kitu, bibi. Amegawa zawadi ofisi nzima."

"Ofisi nzima imepata boksi lenye utepe?"

Akasita, kiatu mkononi. "Wengine wamepata kalamu."

Basi boksi nikalipandisha juu ya kabati likae huko. Biskuti nazipenda, hata haya meno machache yaliyobaki yanalijua hilo, lakini mtu asiyekujua akikupa kizuri kuliko alichowapa wenzako, huyo anakununua polepole.

Mjukuu huyu nimemlea tangu hajaota meno. Ni mwembamba, ana ncha, na akikugusa unajua umeguswa, ndiyo maana nikamzoesha jina la Sindano. Siku hizi hata kazini wanamwita hivyo. Anafanya kazi benki, lakini si kule mbele kwenye madirisha ambako watu hupanga foleni. Yeye yuko nyuma, ghorofa ya chini, kwenye chumba chenye baridi ambamo anavaa sweta hata siku ya jua kali. Humo ndimo imo mashine kubwa, kompyuta yenye kimo cha kabati la nguo la familia nzima. Hiyo ndiyo inayokokotoa mishahara ya watu, riba zao, wanachoweka na wanachotoa. Alikuwa bado kwenye muda wa majaribio. Kazi waliyompa ndiyo ingeamua kama ataajiriwa moja kwa moja au ataonyeshwa mlango.

Kazi yenyewe alinieleza jikoni akinisaidia kumenya vitunguu. Alieleza mara ya kwanza nikaitikia tu. Akaeleza tena. Mara ya tatu nikamsimamisha.

"Ngoja nikutegee mimi. Nina ng'ombe wawili zizini. Mmoja hulipiwa kila anachokula. Wa pili hula bure, ila huchagua majani."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Ni hiyo hiyo, bibi. Umeipata nzima."

Ng'ombe wa kwanza ni prosesa kuu, ule ubongo wa mashine unaofanya kila kazi. Wenye programu huitoza benki kufuatana na kazi ambayo ubongo huo umefanya, na benki ilikuwa inalia kila ankara ikifika. Ng'ombe wa pili ni prosesa za pembeni. Kazi ikipelekwa huko haitozwi, lakini haziendi kazi zote. Zinakwenda za aina fulani tu, hasa zilizoandikwa kwa lugha mpya za programu. Zilizoandikwa kwa lugha ya zamani, ile Kobol ya enzi za wazee, hubaki palepale kwenye prosesa kuu.

"Kwa hiyo wewe wamekuweka uchambue majani."

"Ndiyo hivyo. Hili wa bure anakula, hili hali. Mwisho naandika jumla, naweka jina langu chini, na Mkurugenzi ananunua za pembeni na kupunguza zile kuu kwa kunifuata mimi."

"Na ukikosea?"

"Nikisema nyingi zitahama, kumbe hazihami, prosesa kuu zitakuwa zimeshapunguzwa. Siku ya mishahara mashine inakabwa, watu wanasubiri pesa haziingii, na mimi nakuja kukumenyea vitunguu mpaka nizeeke."

"Vitunguu vyenyewe hujui kumenya," nikamwambia. "Usikosee."

Sasa huyo Bwana Manukato ndiye muuzaji wa hizo prosesa za pembeni. Wamempa jina hilo kwa sababu harufu yake hufika kabla yake, na akiondoka hubaki imekalia kiti. Namba ya Sindano ikiwa kubwa, naye anauza nyingi. Ndiyo maana boksi lake lilikaa juu ya kabati.

Kupima hakukuhitaji kuhamisha chochote. Mashine yenyewe ina namna ya kuhesabu: kila kazi inapopita, inaweka alama kwamba hii ingeweza kwenda pembeni, hii isingeweza. Sindano aliiacha ihesabu, akisubiri mwisho wa mwezi upite, kwa sababu alisema kupima mashine siku tulivu ni kama kupima ukubwa wa nyumba siku ambayo ndugu hawajaja. Kila jioni alikuja na habari, nami nikisikiliza.

Jioni moja alikuja na uso umekunjamana.

"Namba inapanda, bibi."

"Si ndiyo wanachotaka?"

"Mwanzoni za kuhama zilikuwa kama robo. Sasa zinakaribia nusu. Na hakuna aliyesema amebadilisha kitu. Kazi hazijibadilishi zenyewe, kama vile sufuria haijisugui."

"Kuna mtu anasugua."

"Ndiyo. Lakini nani?"

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikaingiwa na macho. Sindano akawa anafunga kompyuta yake hata akienda kuchota maji ya kunywa. Jirani yake wa meza alimwomba chaja, akamwangalia mkono mpaka aliporudisha. Mlinzi alimuuliza mbona anachelewa kutoka, akaja kuniuliza mimi mlinzi anauliza kwa faida ya nani. Mimi nami sikumpoza. Nilimwambia achunguze kila aliyepewa zaidi ya kalamu.

"Aliyepewa zaidi ya kalamu ni mimi peke yangu," akasema.

"Basi wewe nimeshakuchunguza. Endelea na wengine."

Tulikuwa na hakika kwamba Bwana Manukato ana mtu wake ndani. Lililobaki ni kumjua.

Hapa inabidi nimtaje mdogo wangu. Kwetu amenifuata mimi kuzaliwa, na kwenye chumba kile cha baridi yeye ndiye mzee kuliko wote. Wanamwita Babu Kadi, kwa kuwa alianza kazi wakati maagizo ya kompyuta yalitobolewa kwenye kadi ngumu, mtu anabeba mafungu ya kadi kama anayekwenda kuuza mayai, akiomba Mungu asijikwae. Programu za mishahara na za riba ni zake. Aliziandika yeye, kwa Kobol, na amezitunza mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Hata Sindano kuingia pale kujifunza, yeye ndiye aliyemshika mkono. Kila Jumapili anakula kwetu.

Jumapili iliyofuata alikuja kama kawaida, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Dada, huyu mjukuu wako siku hizi ananitazama kama mgambo aliyeona muuza karanga."

"Nakutazama nikikuheshimu, babu," Sindano akasema.

"Heshima gani inayofunika kioo cha kompyuta nikipita?"

"Ni maagizo. Namba zisionekane kabla ya kikao."

"Mimi nilikuwa naona namba za benki hii wewe hujajua kuhesabu vidole."

"Na sasa najua, babu. Mpaka vya miguu."

Tukacheka wote watatu. Baadaye Sindano akatoka kwenda kuanua nguo, na mdogo wangu akanisogelea, akashusha sauti.

"Hajakuambia za kwangu ziko wapi? Bado zinahesabiwa za kubaki, au zimeshaanza kuhesabiwa za kuhama?"

"Mimi nitajulia wapi mambo ya mashine," nikamjibu, nikaondoa sahani.

Nilikuwa nimeshasugua vikombe vyote ndipo swali lile likanirudia. Zimeshaanza. Nani alimwambia kuna kitu kimeanza? Kwamba namba inapanda, Sindano alikuwa ameniambia mimi tu. Hata Mkurugenzi alikuwa hajui. Nikachungulia sebuleni. Amelala kitini, mdomo wazi, miguu juu ya kigoda changu, vile vile anavyolala kila Jumapili. Nikamtazama kwa muda mrefu. Ni jambo baya kumtazama ndugu yako amelala ukiwa unamfikiria vibaya.

Kesho yake Sindano aliingia hata salamu hakutoa sawasawa.

"Nimepata, bibi. Kaa."

Nikakaa.

"Kazi za kuhama zimeongezeka, sawa. Lakini za kubaki hazijapungua hata punje. Unaona ubaya wake?"

"Sioni."

Akatazama huku na huku, akaanza kunionyesha kwa nyumba. "Humu tunaishi wawili, mimi na wewe. Mtu analeta wageni wawili, anawakalisha sebuleni. Kisha anatangaza kwamba nusu ya watu wa nyumba hii ni wageni, watalala hotelini, basi tubomoe nusu ya vyumba. Akishabomoa, mimi na wewe tunalala wapi?"

Hapo nikauona. "Aliyefanya hivyo kafanyaje?"

"Kaivika programu ya zamani shati la lugha mpya, Java. Shati linasoma taarifa moja, linaipitisha ndani kwa programu ile ile ya zamani, linapokea jibu, linasoma nyingine. Mashine inahesabu kazi ya shati, inasema hii ingekwenda pembeni. Lakini mwili ulio ndani ya shati haujasogea. Ni kazi mpya iliyoletwa juu ya ile ya zamani."

"Programu gani hizo?"

"Mbili. Ya mishahara na ya riba."

Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo, hakuna aliyeinuka kulifunga.

"Bwana Manukato ana mtu anayeweza kuzifikia," akasema hatimaye, bila kunitazama.

"Wako wangapi wanaoweza?"

"Si wengi."

Hakutaja jina, nami sikutaja. Akasema kikao na Mkurugenzi ni keshokutwa asubuhi, na kwamba atapeleka namba ya robo, ile ya mwanzo, na akiulizwa kwa nini ni ndogo kuliko inayoonyeshwa na mashine, atafungua kila kitu. "Usimwambie mtu, bibi."

"Nimwambie nani mimi," nikasema.

Siku ya pili yake alasiri nikajifunga mtandio nikaenda kwa mdogo wangu. Nilijisemea kwamba ni ndugu yangu wa tumbo moja, na akitajwa kikaoni na mtoto aliyemshika mkono mwenyewe, hatainua tena uso. Afadhali akajitaje. Nilimkuta chumbani kwake anapiga pasi shati la kazini, feni inazunguka kwa kulalamika.

"Kitendawili," nikasema kabla hajanivutia kiti.

Akaniangalia. Sijawahi kuingia kwake bila salamu. "Tega," akasema taratibu.

"Mzee kavaa shati la kijana, akahesabiwa kijana. Magoti yakabaki yale yale."

Pasi ikatulia juu ya kola. Nikaanza kusikia harufu.

"Unaliunguza," nikamwambia.

Akaiinua pasi. Akalikunja lile shati upande usioungua, akalikunjua tena. "Nakupa mji, dada."

"Sitaki mji. Nataka jibu."

Akakaa kitandani. Kwa umri wake ule, akakaa kama tulivyokuwa tukikaa mama akituita tuseme nani kamwaga maziwa.

"Zinazohama ndizo zitakazoishi," akasema. "Leo wanapima. Kesho watauliza hizi zilizobaki zina faida gani. Keshokutwa watauliza mwenye nazo ana faida gani. Nimeona kwa wenzangu wa benki nyingine. Walianza hivi hivi, na kijana mmoja mwenye kompyuta iliyofunikwa."

"Ulimuuliza Sindano?"

"Nimuulizeje, na mtoto hafungui mdomo?"

"Mimi kanifungulia. Zinazobaki hazina pa kwenda. Prosesa kuu zinawekwa kwa ajili ya hizo, na lazima awepo wa kuzitunza. Mwenye kubaki ndiye aliyekuwa na kiti."

Akanikazia macho kama aliyeambiwa nyumba aliyoihama ilikuwa yake. "Yaani nilikuwa salama?"

"Mpaka ulipoanza kujiokoa," nikamwambia.

"Na yule wa manukato?" nikauliza tena, maana hilo lilikuwa bado linanikera.

"Yule hata jina langu halijui. Aliniletea kalamu."

Nikamweleza yote. Kwamba Sindano ameshayaona mashati. Kwamba ameona za kubaki hazijapungua. Kwamba kikao ni kesho asubuhi, na ajira ya mtoto imesimama juu ya namba ile. Nikamwambia aende mapema, aseme kwa kinywa chake mwenyewe alichofanya, kabla mtoto hajalazimika kumsema.

"Nitasema, dada. Nitasema kabla yake."

Akanisindikiza mpaka barabarani. Njiani akawa ananiuliza tena, polepole, kana kwamba ananihurumia nisichoke. Amesema hazijapungua hata kidogo? Amezitaja programu mbili tu, au na nyingine? Amemwonyesha mtu? Nikamjibu moja baada ya nyingine. Nilidhani anataka kujua ukubwa wa kosa ili alikiri lote. Nilipokuwa naagana naye nikaona uso wake umetulia kupita kiasi, lakini nilikuwa nimechoka, na ni mdogo wangu.

Siku ya kikao Sindano alirudi mapema. Alivua viatu, akavipanga, akaja jikoni, akakaa.

"Nimeajiriwa," akasema.

Niliinua mikono kushukuru, lakini sura yake haikuwa ya mtu aliyeajiriwa, nikaishusha.

"Nilipofika, babu alikuwa ameshaingia. Kawekewa na chai. Mkurugenzi anacheka. Akaniambia, karibu, mzee ananisimulia mtego aliokutegea."

"Mtego?"

"Kasema zile programu mbili alizivika mashati kwa makusudi, ili aone kama sisi vijana tunaangalia jumla tu au tunaingia ndani. Akaeleza kila kitu. Za kuhama zinapanda, za kubaki hazipungui, kwa hiyo mwenye akili ataona. Kisha wote wakanigeukia. Mkurugenzi akaniuliza, je, mtego umeuona?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema nimeuona. Nikafungua kurasa zangu. Ningesema nini, bibi? Kwamba babu yangu ni mwongo?" Akachukua kipande cha ganda la kitunguu mezani, akakivunja vunja. "Mkurugenzi kapitisha robo. Bwana Manukato alikuwepo, kanuna mpaka harufu ikapungua. Na babu kasifiwa. Kuanzia sasa kila kazi nitakayoichambua, yeye ndiye ataipitia kwanza. Kapewa na meza kubwa zaidi."

"Lakini ajira umepata, mama."

"Nimepata."

Nikageuka kupunguza moto chini ya sufuria ambayo haikuhitaji kupunguziwa.

"Bibi."

"Naam."

"Kwamba alizivika mashati, hilo alilijua mwenyewe. Lakini alijuaje kwamba nimeshaona? Mtu asiyejua kwamba ameonekana haendi saa moja asubuhi kujieleza. Nilikisema mara moja tu kitu kile. Nilikisema nimekaa hapa."

Sikugeuka. "Nilitaka akiri."

"Najua."

"Aliniambia atakiri."

"Najua, bibi."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata la kumjibu. Aliinuka, akafunga lile bomba linalodondosha, akalikaza mpaka likaacha, akaenda chumbani kwake kubadilisha nguo. Nilisikia mlango ukifungwa. Siku zote huuacha wazi ili tuendelee kuongea.

Jumapili mdogo wangu alikuja na papai kubwa. Akaniamkia, akamsalimu Sindano, akakaa kwenye kiti cha dirishani. Sindano akampakulia, nyama ya kwake akaichagua laini, maji ya kunawa akampelekea. Hakuna aliyeweza kusema hakuheshimiwa.

"Wiki ijayo tuanze na programu za mikopo," mdogo wangu akasema, akimega. "Utaniletea ulizochagua nizipitie, mjukuu wangu."

"Nitakuletea, babu. Tutazipitia mbele ya Mkurugenzi."

Akacheka. "Umeona, dada? Mtoto haniamini."

Akanitazama kuona kama nacheka. Mimi nilikuwa namtazama Sindano, naye Sindano alikuwa anatutazama sote wawili, mmoja kisha mwingine, bila haraka, kama anayepima.

Mdogo wangu alipotoka kunawa, nikamsogezea mtoto bakuli la matunda. "Hizo za mikopo," nikamuuliza, "ni za kuhama au za kubaki?"

Akanishika bega, akalibana kidogo, kwa upendo kabisa.

"Nitakuambia, bibi," akasema. "Zikishahama."